Nimechora jiko la mkaa kwenye kompyuta, mafundi wanasema halitengenezeki. Naomba mnieleweshe tolerensi, prototaipu na haya mambo ya uzalishaji

mek_mwaka3

Wakuu habari za jioni. Nasoma uhandisi mitambo mwaka wa tatu hapa Dar, tuna somo la ubunifu wa bidhaa na uzalishaji, kila kundi limeambiwa libuni kitu cha nyumbani, sisi tukachagua jiko la mkaa lenye bakuli la udongo ndani maana hilo kila mtu kalikuta kwao. Nimelichora kwenye CAD (programu ya kuchorea kwenye kompyuta) wiki mbili nzima na likapendeza kweli, gamba la chuma lenye kiuno, bakuli la udongo juu, chumba cha majivu na mlango chini, miguu mitatu.

Nikaprinti michoro nikaenda nayo mtaa wa Gerezani kwa mafundi bati. Wa kwanza kaangalia karatasi dakika moja akanirudishia. Wa pili kasema naweza ila laki na themanini, wakati hapo pembeni yake kapanga majiko yanayofanana na langu na bei yake haifiki hata robo ya hiyo. Nikaondoka nimechoka. Mwalimu naye karudisha ripoti kaandika kwa kalamu nyekundu "tolerensi hizi umezitoa wapi? kitatengenezwaje? vingapi?" basi, hajaongeza neno.

Michoro iko hivi: gamba bati la milimita 1.5, vipande vyake vimeungwa kwa bolti 14 za M6 (unene milimita 6), bakuli la udongo kipenyo chake mdomoni milimita 250 na linaingia kwenye gamba lenye 250.2, matundu ya chini ya bakuli ni ya mraba yenye kona kali, na vipimo vyote nimeweka plasi au kutoa 0.1 kwasababu nilijua usahihi ndo ubora. Naomba mtu anieleze kama anamweleza mdogo wake, tolerensi ni nini hasa, unajuaje uweke ngapi, prototaipu (sampuli ya majaribio) inatakiwa ngapi, na kwanini mchoro uliokamilika kwenye kompyuta unamshinda fundi mwenye uzoefu wa miaka yote ile? Wasilisho ni wiki mbili zijazo.

injinia_moldi

Mdogo wangu pole, ila umeleta swali zuri na umeweka vipimo, wengi wanaandika tu "nisaidieni project".

Tuanze na tolerensi. Ni ruhusa unayompa mtengenezaji, kwamba ukikosea mpaka hapa kitu bado kitafanya kazi. Hamna mashine wala mkono duniani unaotoa 250 kamili, kila kipande kinatoka tofauti na mwenzie, kwahiyo kazi yako mbunifu ni kusema tofauti gani inavumilika. Na kila ukiibana hiyo ruhusa unaongeza gharama, maana fundi inabidi abadilishe mashine, apime mara nyingi, atupe vingi. Ile laki na themanini ndo hiyo 0.1 yako, fundi kaisoma vizuri tu. Yani kakupa jibu la mtihani bure.

Unajuaje uweke ngapi? Unauliza kipande kinafanya kazi gani. Beringi ya namba 6204 tundu lake ni milimita 20, ekseli ikizidi kidogo haiingii mpaka uipige nyundo, ikipungua kidogo inazunguka humo ndani ya beringi na kujila, hapo unapigania sehemu za elfu za milimita na una sababu. Sasa gamba la jiko likiwa 251 badala ya 250 wali hautaiva? Hata viwango vya kimataifa vya ISO vya michoro, ile tolerensi ya jumla ya daraja la kati kwa kipimo kati ya 120 na 400 inakupa plasi au kutoa 0.5, na hiyo ni kwa vitu vinavyokatwa kwa mashine, sio bati la kukatwa kwa mkasi.

Afu kuna jambo kubwa zaidi humo ambalo hujaliona. Umeacha nafasi ya milimita 0.2 kati ya udongo na chuma. Washa jiko. Bakuli likipanda joto kama nyuzi 600 linatanuka, kwa udongo wa kawaida uliochomwa kadiria milimita 0.75 kwenye hiyo 250. Gamba la nje ni chuma, chuma kwa nyuzi zilezile kinatanuka zaidi ya udongo, lakini gamba halipati moto ule, tuseme limepanda 150, basi linakua kama 0.45. Tofauti ni 0.3 na we uliacha 0.2. Bakuli linalibana gamba kwa ndani, chuma hakikubali, udongo unapasuka. Jiko lako lingepasuka siku ya kwanza hata kama fundi angekutengenezea kwa usahihi wa saa ya mkononi, tena usahihi wenyewe ndo ungelipasua.

Fungua gamba liwe 270, acha milimita 10 kila upande, jaza saruji iliyochanganywa na vermikulaiti (madini mepesi yanayozuia joto). Ile inashika bakuli, inazuia joto lisitoke, na inameza makosa yote ya vipimo vya udongo na bati kwa pamoja. Ukitaka kujifunza ubunifu wa bidhaa liangalie hilo tope, liko pale kwasababu mtu alikubali kwamba vipande viwili havitalingana kamwe.

kijana_wa_cnc

Sikubaliani sana na mkuu hapo juu. Tukiendelea kuwaambia wanafunzi walegeze vipimo ndo maana bidhaa zetu zinaonekana hazina finishi. Wachina wanatengeneza simu kwa mikroni, yani sehemu za elfu za milimita. Dogo acha 0.1 yako, tafuta sehemu yenye CNC (mashine ya kukata inayoongozwa na kompyuta) na leza wakukatie bati, mafundi wa kizamani wataelewa mbele ya safari.

injinia_moldi

Kaka nakuelewa, na leza ni nzuri, mimi mwenyewe nimeitumia. Lakini hata humo ndani ya simu mikroni haziko kila mahali, ziko kwenye kamera, kwenye chipu, kwenye vifungo vinavyozuia maji. Angalia kitundu cha laini ya simu, kina nafasi ya kutosha laini ya kampuni yoyote iingie, wamelegeza makusudi. Na angalia ile kona ya laini iliyokatwa, kazi yake ni kukuzuia usiiweke kichwa chini, Wajapani wanaiita poka-yoke, mhandisi wao Shigeo Shingo aliifundisha sana kwenye viwanda vya huko kuanzia miaka ya 60. Hiyo kona imekatwa tu na inafanya kazi ambayo vipimo vya kubana visingefanya. Huo ndo ubora ninaoutetea mimi, mtumiaji asiweze kukosea na mtengenezaji asihangaike.

Halafu leza itamkatia bati kwa 0.1, sawa. Udongo je? Nani ana leza ya udongo?

FundiBati_Gerezani

Mwanafunzi salama? Mi sio niliyekupa bei ila nipo mitaa hiyohiyo. Nikwambie alichokiona mwenzangu kwenye karatasi yako.

Kwanza bati la 1.5 hiyo ni geji 16, mkasi wa mkono haulikati, lazima grainda au mashine, na kulikunja kunjo la kufungia ni shughuli. Jiko tunalikata kwenye bati jembamba au pipa la mafuta la lita 200, hilo tunalifungua linakuwa bapa. Linatosha kabisa, anayebeba moto ni udongo sio bati.

Pili bolti 14. Hesabu na mimi, bolti 14, nati 14, washa 14, vitu 42 vya kununua, na matundu 28 ambayo lazima yaonane. Tundu moja likikimbia umerudia. Sisi tunafunga kwa kunjo, bati linajikunja lenyewe na kushikana na mwenzie, ukigonga limekaa, hununui kitu. Miguu na masikio tunapiga riveti basi.

Tatu, na hapa ndo wanafunzi wote mnakwama, umenichorea jiko likiwa limesimama. Mi sikati jiko lililosimama, nakata bati likiwa chini. Nipe umbo lililolazwa. Kipenyo juu sentimita 27, kiuno 19, urefu 15, ukililaza linakuwa kama kipande cha mwezi, duara la nje unalichora kwa kamba ya sentimita 52.4, la ndani 36.9, unafungua pembe nyuzi 93, unaongeza sentimita 2 za kunjo. Hiyo ndo patani. Nikishakuwa nayo ya bati gumu naiweka juu ya bati jipya nazungusha msumari, sipimi tena. Na nikiipanga naikumbatisha moja nyuma ya nyingine kama ndizi kwenye chane, shiti la futi 4 kwa 8 linatoa nyingi. Ukizipanga ovyo nusu ya bati inaenda kwa wauza skrepa, na bati ndo hela yangu yote.

injinia_moldi

Fundi umenifurahisha sana, dogo nakili hayo maneno yote. Hiyo patani yake kwenye vitabu vyenu iko kwenye sura ya jigi na fikscha, kifaa kinachobeba kipimo ili mtu asipime tena. Henry Ford mwaka 1913 alipoanzisha ule mstari unaotembea wa kuunganishia magari, chasisi ya Model T ikashuka kutoka kama saa 12 na nusu za kuunganisha mpaka kama dakika 93, watu wanakumbuka mkanda tu wanasahau kwamba usingefanya kazi kama vipande vingekuwa vinahitaji kupigwa tupa ndo viingie. Kila kipande kilitoka kwenye jigi. Na alichokwambia kuhusu kupanga ndizi nyie mnakiita nestingi. Wanafunzi wengi wanadhani haya ni mambo ya kiwandani Ulaya wakati yapo hapo Gerezani chini ya mwembe.

mek_mwaka3

Daah nashukuru sana wakuu, yani hilo la kutanuka limenitoa jasho. Mwalimu ameandika pia "vingapi?" sijaelewa anataka nini, sisi tunatengeneza kimoja cha kuonyesha. Na kuhusu udongo nitampata wapi mtu, nilitaka tuprinti bakuli kwa 3D kwanza.

injinia_moldi

"Vingapi" ndo swali linaloamua mchoro mzima uwe vipi. Mimi nipo kwenye plastiki nikupe mfano wa huko. Tuseme moldi (kalibu la chuma) ya beseni ni milioni 40 na malighafi ya beseni moja ni 900. Ukitoa mabeseni 1,000 kila moja limebeba 40,000 ya moldi, hamna atakayenunua. Ukitoa 200,000 kila moja limebeba 200 tu, hapo una biashara. Kwahiyo kwa vipande 50 hata usiwaze sindano ya plastiki (kusukuma plastiki iliyoyeyuka ndani ya moldi), tumia mikono na patani, kwa laki kadhaa ndo unawekeza kwenye chuma. Bidhaa ileile ikichorwa kwa ajili ya 50 na ikichorwa kwa ajili ya 200,000 ni michoro miwili tofauti kabisa.

Na kila njia ina sheria zake. Mwaka wangu wa kwanza kazini nilichora kifuniko chenye kuta zilizosimama wima kabisa, nyuzi 90, kwenye skrini kinang'aa, moldi ikachongwa, kifuniko kikang'ang'ania humo ndani hakitoki, kila kinachotoka kimekwaruzika. Plastiki inapopoa inasinyaa na kukumbatia chuma, ndo maana kuta lazima zilale nyuzi 1 au 2 hivi. Chukua ndoo yoyote hapo nyumbani uiangalie, chini ni ndogo kuliko juu. Zinaingiliana vizuri kwenye lori ndio, lakini pia bila hivyo isingetoka. Niligharimu watu pesa na nilikuwa nimepata A kwenye somo la CAD, hadi leo nikichora ukuta natazama kwanza unatokaje.

Prototaipu sasa. Usihesabu ngapi, uliza kila moja inajibu swali gani. Ya kwanza ya kadibodi au manila, swali lake umbo na patani, inakula jioni moja. Ya pili ya bati na udongo wa kweli, swali lake inapika, inapasuka, mkaa kiasi gani kuchemsha lita 2 ukilinganisha na la dukani. Afu ukishapata inayofanya kazi tengeneza 5 au 10 mfululizo kwa patani ileile na mtu mwingine sio wewe, hapo swali ni je kitu kinarudiwa? Wanafunzi wengi hii ya tatu hawafiki, na hapo ndo uzalishaji unapoanzia. Ya 3D itakujibu sura tu, kwa moto haikwambii kitu.

Mama_Vyungu

Mwanangu shikamoo zako nimezipokea hata kama hujazitoa. Mimi nafinyanga, nipo Morogoro, mabakuli ya majiko natoa kila wiki.

Umeandika bakuli 250. Hiyo 250 ni ya lini? Ya siku ya kufinyanga, ya likikauka, au ya likitoka tanuruni? Udongo unasinyaa mara mbili, maji yakitoka na moto ukiingia. Wangu unasinyaa kama 10 kwa 100. Vijana wengi wakisikia hivyo wanaongeza 10, wanachonga kalibu la 275, wanapata 247.5 wanashangaa. Unagawa, huongezi. 250 gawa kwa 0.9 unapata 278, hilo ndo kalibu lako.

Lakini usichukue 10 yangu. Udongo wa bonde moja sio wa bonde la pili. Tengeneza vigae vitano vidogo, kila kimoja chora mstari wa milimita 100 udongo ukiwa mbichi, kausha, choma, pima mstari umebaki ngapi. Ukipata 91, 90, 92, 89, 91 hapo umeshajua na wastani na jinsi unavyoyumba, na hiyo kuyumba ndo hiyo tolerensi mnayoizungumza, udongo wenyewe unakwambia, usimpangie kutoka kwenye kompyuta. Kwa bakuli la 250 mimi nakuahidi milimita 3 huku na huku, chini ya hapo nakudanganya.

Matundu ya mraba toa. Kila kona kali ndo ufa unapoanzia, weka ya mviringo, na kona ya ndani pale kitako kinapokutana na ukuta izungushe kwa kidole gumba. Unene uwe sawa kote, pakiwa pembamba pakakauka mbele panavutana na panene. Changanya vigae vilivyochomwa ukavisaga, vinapunguza kupasuka. Kausha kivulini siku nyingi, usilitoe juani kwasababu wasilisho limekaribia. Una wiki mbili, basi umechelewa kidogo, kesho uwe umeshafinyanga.

mwl_karakana

Nimefundisha karakana muda mrefu, niongeze dogo kidogo tu. Mama hapo juu kakupa somo la muhula mzima.

Umbo hilo lenye kiuno lina historia yake na ungeiweka kwenye wasilisho. Jiko la udongo la Kenya lilitokana na jiko la ndoo la Thailand, likafanyiwa kazi Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 80, akina Maxwell Kinyanjui na taasisi ya KENGO pamoja na mafundi jua kali wa pale Shauri Moyo, na huku kwetu likaja na jina la jiko bora. Angalia kiuno kilivyotatua mambo mengi kwa mpigo, udongo unakaa nusu ya juu tu kwahiyo jiko ni jepesi na bakuli ni dogo kuchoma, bakuli linajiketi lenyewe kwenye ule mwembamba bila bolti, chini panatanuka kwahiyo mama akisonga ugali halipinduki. Na fundi bati hakuhitaji kifaa kipya hata kimoja, mfinyanzi naye hivyohivyo, kila mtu kafanya kipande chake sehemu yake wakakutana kwenye saruji. Kwa mkaa linaokoa robo mpaka nusu ukilinganisha na lile la bati tupu, inategemea la nani na anapikaje.

Kwenye ripoti weka orodha ya vipande vyote, kila kimoja andika kimetengenezwa na nini, kwa njia gani, na nani, na bei. Ukiona kipande huwezi kujaza hizo nafasi nne ujue hujamaliza kukibuni. Na mtengenezee fundi kipimo cha "inaingia haiingii", pete mbili za waya, moja ya 253 na moja ya 247. Bakuli lipite kwenye kubwa, lisipite kwenye ndogo. Hapo hata asiyejua kusoma rula anakagua mabakuli 100 kwa saa moja.

mek_mwaka3

Wakuu shikamooni wote, na wewe mama marahabaa yako nimeipokea kwa heshima. Nimekaa na kundi usiku tumefuta mchoro tukaanza upya. Gamba 270, bati jembamba la pipa, kunjo badala ya bolti, matundu ya mviringo 19, udongo plasi au kutoa 3, na tumekubaliana jibu la "vingapi" ni 50 kwa mwezi kwa karakana ya watu watatu. Patani ya manila tumeshaikata, ile 52.4 na 36.9, tumeizungusha imefunga vizuri kabisa hadi mwenzangu kaivaa kichwani. Vigae vitano viko kivulini.

Fundi nina moja la mwisho, mlango wa majivu. Kwenye mchoro wa zamani ulikuwa unabana kabisa ili hewa isipite ukifungwa. Sasa nauachia ngapi?

FundiBati_Gerezani

Usiubane, bati likipata moto linajipinda kidogo, mlango uliobana hautafunguka tena na mtu atautoa kwa kisu. Tundu lako likiwa 9 kwa 6, mlango ukate 11 kwa 8, uwe nje unafunika, ukizidi sentimita moja kila upande. Hewa inazuiwa na kufunikwa sio kubana. Bawaba piga waya mnene.

Njoo na hiyo manila Jumamosi kabla ya saa 4 asubuhi, baada ya hapo wateja wanakuwa wengi. Utakata wewe mwenyewe mi nikuangalie.